Mlinzi wa Siku za Ugomvi

Jumamosi, 8 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, nami nimeona nianze nazo. Sina mtu wa kumwambia mambo marefu. Shuleni wananiita Kimya, na jina limenikaa kiasi kwamba hata mwalimu wa zamu ananiita hivyo. Hapa kwenye karatasi hakuna anayenikodolea macho.

Nimempeleka Bibi kliniki ya presha. Mama hawezi, Jumamosi ana zamu kiwanda cha mikate. Bibi hunishika mkono juu, karibu na bega. Kiganja hataki, anasema ni cha watoto. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Anasema anaiona dunia kama imemwagiwa maziwa. Amekuwa mshonaji maisha yake yote. Sasa cherehani imefunikwa shuka na juu yake tunaweka vikombe.

Daktari alisoma mashine, akatikisa kichwa.

"Mia na tisini, Bibi. Sikiliza. Madaktari wa macho wanakuja mwisho wa Mei. Macho haya yanatibika. Lakini kwa presha hii hawatakugusa, na wakiondoka ni mpaka mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine nitakuwa nimeshazoea giza," Bibi alisema.

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu vidole vya Bibi vilikuwa vimenibana mkono hadi ukafa ganzi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Jaribio la Hesabu. Soksi hazijakauka.

Jumamosi, 22 Machi

Kila Jumamosi kuna nesi anayesimama mbele ya mabenchi na kutoa somo. Fundi Viatu, mgonjwa mwenzake Bibi, alimpachika jina la Spika kwa sababu ya sauti yake, na sasa kituo kizima kinamwita hivyo akiwa hayupo. Leo mvua iligonga mabati kwa nguvu hadi hata Spika akashindwa. Niliona midomo yake ikifunguka na kufumba. Nilishika "chumvi" na nilishika "hasira". Alipomaliza aliinua mikono.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" walijibu wote kwa mpigo, hata mzee mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, anakung'uta mwavuli.

"Umeelewa nini, Bibi?" nikamnong'oneza.

"Kwamba amemaliza."

Ndani, mashine ikasoma palepale pa siku ile. Spika akauliza, "Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Mwanangu, mimi si mtoto mdogo."

Daktari akabadilisha vidonge, akaandika vyenye nguvu zaidi.

Jumatano, 26 Machi

Bomba la mabati la jirani yetu linamwaga maji ya mvua uani kwetu. Bibi alimsemea ukutani mpaka koo likamkauka. Kisha akaniita: "Mke mwenzangu, niletee vidonge vyangu. Huyu bwana kanipandisha presha." (Ananiita mke mwenzake tangu nikiwa mtoto, eti sote tuliolewa na marehemu Babu.) Nikamletea.

Jumapili, 30 Machi

Kulikuwa na jua kidogo. Bibi alikaa barazani akiimba. Nikamkumbusha dawa. "Ya nini? Leo sina ugomvi na mtu." Nilidhani anatania.

Alhamisi, 3 Aprili

Nataka kuandika yote.

Nilirudi kutoka shule nikamkuta jirani amembeba Bibi mikononi kama mtoto, yule yule wa bomba. Alikuwa amesikia ndoo ikianguka, akachungulia, akamwona Bibi amelala kwenye maji ya uani. Alimpakia kwenye pikapu yake, mimi nikapanda nyuma nikikishikilia kichwa chake. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Jirani aliendesha huku akisema, "Bibi, amka unitukane. Nakuomba, nitukane hata kidogo."

Kliniki mashine ilisoma chini kabisa. Nilichanganyikiwa. Siku zote tunaambiwa iko juu! Wakamlaza, wakainua miguu yake, wakamtundikia dripu. Alipofumbua macho, Spika alikuwa ameinama juu yake.

"Bibi, leo umemeza vidonge vingapi?"

"Vitatu."

"Vitatu! Nani kakwambia vitatu?"

"Huyo bwana alinikosea mara tatu."

Jirani, aliyekuwa mlangoni, alitazama viatu vyake.

Spika akapaza sauti, na chumba cha pili wote wakasikia. "Nimesema mara ngapi? Kimoja kwa siku! Kila siku nasema, hamsikii! Mnataka mfe halafu mseme hospitali mbaya!"

Bibi aligeuza uso akatazama ukuta ambao hawezi kuuona. Nilimchukia Spika kwa nguvu zangu zote, hata nikasikia masikio yanawaka moto.

Lakini nikiwa nimekaa pale nikihesabu matone ya dripu, ndipo nikaelewa. Bibi hakudanganya hata mara moja. Anameza. Anameza kila anapopandishwa presha. Tukimwona mtu ana wasiwasi tunasema ana presha. Mtu akituharakisha tunamwambia asitupe presha. Timu yetu ikikaribia kufungwa, presha juu. Basi akaambiwa ana presha, akapewa vidonge vya presha, na Spika mwenyewe akasisitiza hasira. Bibi akaunganisha. Siku ya amani hana ugonjwa, siku ya ugomvi anao, na ugomvi ukiwa mkubwa, dawa nazo ziongezwe.

Nilitaka kumwambia daktari. Alipita mara mbili karibu yangu. Mara zote mbili mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemsomea Bibi kitabu cha Biolojia, sura ya mishipa ya damu. Nilimweleza mgandamizo wa damu kwenye kuta za ateri. Alisikiliza kwa adabu.

"Hao ateri ni kina nani?"

"Ni mishipa, Bibi. Presha inaweza kuwa juu hata ukiwa umefurahi. Haina uhusiano na jirani."

"Mke mwenzangu, mtu akisema usinipe presha anasema nini?"

"Anasema usimsumbue."

"Basi. Hiyo ateri yako haijui Kiswahili."

Na hataki tena kumeza kabisa. Kilichomlaza kitandani, anasema, hakiingii mdomoni mwake.

Jumapili, 6 Aprili

Jumapili mchana huwa namsomea Bibi hadithi. Leo nilishika kitabu mkononi, nikafunua ukurasa wowote, lakini sikusoma kilichoandikwa. Nilisimulia yangu, nikigeuza kurasa ili asishtuke.

Nilisema palikuwa na mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Hapo Bibi akajiweka sawa. Majora yake ya vitambaa yalipangwa mpaka darini. Watu wakamshauri aweke mlinzi. Akasema, "Nitamweka, ila aje siku nilizogombana na mtu tu. Nikiwa sina adui, nani ataniibia?" Basi akigombana anamwita mlinzi. Akipatana na watu anamrudisha kwao.

"Ana akili ya kubana matumizi," Bibi akasema.

Lakini mwizi hakuwa adui yake. Mwizi hakuwa na hasira na mtu. Kila asubuhi alipita dukani akamsalimu: "Shikamoo mama, umeamkaje?" Naye akiitikia vizuri kabisa. Siku za amani, mlinzi hayupo, mwizi anaingia bila hata mlango kulia. Habebi jora zima. Anakata dhiraa moja kutoka ndani kabisa ya jora, penye kiini, anakunja vizuri, anaondoka. Kwa nje jora limenona vilevile.

"Mwizi mshenzi," Bibi akasema. "Mshenzi lakini fundi."

Siku moja yule mama akagombana na watu watatu. Akapiga kelele, nileteeni walinzi watatu! Wakaja watatu kwa mpigo, mlango wenyewe mdogo. Wakagongana, wakasukumana, wakaangusha kabati la vioo juu ya mwenye duka.

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Walinzi watatu, mlango mmoja! Huyo mwanamke mjinga! Mjinga kabisa! Si angemweka mmoja tu, kila siku, akakaa..."

Upindo wa kanga ukabaki mkononi.

Mvua ilikuwa inaanza tena. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye ukurasa kama mtu anayesoma.

"Mke mwenzangu."

"Naam, Bibi."

"Hicho kitabu kina jina gani?"

"Hakina jina."

"Umenitia mimi humo."

"Ndiyo, Bibi."

Alijifunga kanga upya, nikajua ameudhika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei, "Na yule mama, alipoanza kumweka mlinzi kila siku, vitambaa vilivyobaki vilipona?"

"Sijafika huko."

"Basi nenda kalete maji na kidonge. Kimoja. Tutafika wote."

Jumatatu, 7 Aprili

Kameza.

Jumanne, 8 Aprili

Kameza. "Mlinzi kaingia zamu," anasema, na kumtangazia jirani kupitia ukutani. Jirani amegeuza bomba lake upande wa barabara.

Jumamosi, 12 Aprili

Mia na sitini na tano! Spika alipima mara mbili kwa kutoamini.

"Bibi, umefanya nini?"

"Muulize mke mwenzangu."

Nilinong'ona hadithi nzima nikiangalia sakafu. Nilipoinua macho, Spika alikuwa ameketi. Sijui kwa nini nilidhani huwa haketi.

"Alikuwa anameza siku za ugomvi," alisema taratibu. "Na mimi nikiuliza kama anameza, anameza." Akafunika uso kwa viganja. Kisha akaruka. "Njoo mbele. Wasimulie na hao."

Mabenchi yalijaa watu. Wote walinigeukia. Nikasema naenda chooni mara moja, nikajifungia humo mpaka somo likaisha.

Njiani Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mlinzi kakimbia siku ya kazi," na akacheka peke yake hadi nyumbani. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 17 Aprili

Nafanya mazoezi mbele ya cherehani. Vikombe vinasikiliza vizuri.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimesimulia! Nimesimulia!

Mvua ilipiga mabati kama siku ile Spika aliposhindwa. Spika akanisimamisha mbele, akasema mnyamaze mumsikilize binti. Nikaanza. Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ni ndogo hata bila mvua.

"Paza, mwanangu!" Fundi Viatu akapiga kelele.

"Hawezi kupaza," Bibi akamjibu kutoka nyuma. "Sauti ndiyo hiyo hiyo, haina nyingine. Wewe sogea!"

Basi akasogea. Akaburuza benchi lake mpaka karibu yangu, na wengine wakaburuza yao, na yule mzee wa mwavuli akaja na kiti, mpaka nikawa katikati na magoti ya watu yananigusa. Wakainamisha vichwa. Pale katikati mvua ilikuwa kama iko mbali, nami nikawa nazungumza na watu wachache tu, ingawa walikuwa kituo kizima.

Nilipofika kwa mwizi anayesalimia, mama mmoja akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini kabisa. Nilipofika kwa walinzi watatu walicheka, na Bibi akatangaza, "Huyo ni mimi! Kabati liliniangukia mimi!" kwa fahari kama mtu aliyetajwa redioni.

Fundi Viatu hakucheka. Alikuna kidevu. "Kumbe. Mimi huwa namwita mlinzi kichwa kikiuma tu. Kisipouma nasema mwizi leo kapumzika."

"Mimi tunagawana na mume wangu," akasema yule mama wa Mungu wangu. "Wote tuna presha, na kadi ya dawa ni moja. Leo yangu, kesho yake."

"Mlinzi mmoja, maduka mawili," Fundi akamwambia. "Atachoka huyo."

Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine, bila kuulizwa. Spika alisimama nje ya duara. Niliona ametaka kusema mara kadhaa. Najua uso wa mtu mwenye neno lililokwama mdomoni. Ni wangu huo. Lakini yeye alilimeza kwa hiari, akasikiliza. Mwishoni akainua mikono kwa mazoea, akaanza, "Mme..." Akaacha. Akaishusha.

"Fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Hebu nisimulie jana yako. Tangu ulipoamka."

Jumamosi, 26 Aprili

Mia na hamsini na tano. Mabenchi tumeyakuta yamepangwa duara.

Jumatano, 30 Aprili

Mwalimu wa zamu ameniita Kimya nami nimeitika kwa sauti, darasa likacheka, mimi pia.

Jumamosi, 10 Mei

Sasa Spika hamwulizi mtu kama anameza. Anasema, "Nisimulie jana." Foleni imekuwa ndefu zaidi na hakuna anayelalamika, ila daktari kidogo. Leo mzee wa mwavuli alisimulia jana yake mpaka akafika kwenye chumvi ambayo mkewe huiweka "kidogo tu", mara tano. Nilimwambia Spika kwamba siku ya dripu nilimchukia. Sijui ujasiri niliupata wapi. Akasema, "Na mimi nilijichukia, ila nilikuwa na watu kumi nje." Nilikuwa sijawahi kufikiria wale kumi.

Jumamosi, 24 Mei

Mia na arobaini na tano. Jumanne madaktari wa macho wanakuja. Bibi ameanza kunyoosha nguo zake bora kwa mkono, kukunja na kukunjua.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imenyesha leo kana kwamba inamalizia yote iliyobaki. Mama aliomba ruhusa kiwandani akanyimwa, kwa hiyo tulitoka wawili. Barabara ya chini ilikuwa tope tupu. Bibi aliteleza mara moja, nikamdaka, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope na nikakichomoa kama muhogo. Tulifika tunahema, tumelowa. Foleni ya macho ilizunguka jengo. Bibi alitaka kwenda haja ndogo, lakini sakafu ya choo ilikuwa maji matupu na yeye haioni, nami ilinibidi nishike nafasi ya foleni, akaogopa, akasema atavumilia. Akavumilia asubuhi nzima.

Tulipoitwa, ndani alikuwepo daktari mgeni, mwembamba, na nesi mgeni mwenye mashine. Spika na daktari wetu walikuwa jengo la pili. Mkanda ukafungwa, ukavimba, ukapumua.

"Mia na themanini," nesi akasema.

Daktari mgeni hakuinua hata kichwa. "Pole, Bibi. Kwa hii haiwezekani. Utakuja mwakani. Anayefuata!"

Bibi akasimama. Alisimama tu, akinyoosha mkono kulitafuta bega langu. Mtu wa kumsemea jirani ukutani hadi koo likauke, hakubisha! Nikaona kwamba kama mimi sitasema, hakuna mtu mwingine chumbani wa kusema.

"Daktari," nikasema. "Naomba nikusimulie asubuhi yake."

"Binti, kuna watu mia nje."

"Ni fupi."

Sijui kama alikubali. Nilianza tu. Nilimwambia Bibi ameamka kabla ya jua akamwita mlinzi wake, yaani kidonge, kimoja, kama kila siku tangu Aprili. Nilimwambia kuhusu tope, na kiatu. Nilimwambia mtu asiyeona akiteleza hajui anaanguka umbali gani. Nilimwambia kuhusu choo. Hapo Bibi akanifinya, lakini niliendelea. Nilimwambia kwamba tangu asubuhi anavumilia, na kwamba anaogopa kitanda chenu kuliko alivyoogopa tope, ingawa amevaa nguo yake bora na hajasema. Na Jumamosi alikuwa mia na arobaini na tano, kadi hii hapa. Sauti ilikuwa ile ile ndogo. Ila daktari alikuwa ameacha kuandika, ameinama mbele ili asikie.

Akaichukua kadi, akaisoma. Mvua.

"Mpeleke chooni," akamwambia nesi. "Mshike, usimwache. Halafu akae pale kwenye kona, akauke, asisemeshwe na mtu. Nusu saa."

Bibi alikaa kwenye kona mikono mapajani. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mengi ya kusema na nimekatazwa.

Mkanda ukafungwa tena. Ukavimba. Nilitazama kidole cha nesi badala ya mashine.

"Mia na arobaini na nane."

"Kesho saa mbili," akasema daktari mgeni. "Jicho la kulia kwanza." Kisha kwangu: "Wewe ni nani?"

"Mke mwenzake," Bibi akajibu kwa niaba yangu, na nesi akaangusha kalamu kwa kicheko.

Jumatano, 28 Mei

Wamempasua. Limekwenda salama. Mama analia na kuchoma mikate, yaani mikate yetu wenyewe, nyumbani, si ya kiwandani. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 29 Mei

Asubuhi walifungua bandeji. Tulikuwa Mama, mimi, jirani na pikapu yake nje, na Spika ambaye hakuwa zamu. Daktari mgeni alibandua pamba polepole. Jicho lilikuwa jekundu, linamwaga machozi. Bibi alipepesa. Alipepesa tena.

"Unaona nini, Bibi?"

Alimtazama Mama kwanza, muda mrefu, akasema, "Umekonda. Nani kakuruhusu?" Akamgeukia Spika, akampima kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye Spika? Kimtu kidogo hivi? Sauti yote ile unaiweka wapi?" Spika alikuwa hajui jina lake hilo. Sasa anajua. Alicheka hadi akashika ukuta.

Kisha Bibi akanigeukia mimi. Nilijaribu kusimama wima. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nilikuwa nimeshazoea kutotazamwa naye.

"Sogea."

Nikasogea. Akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu, upande ule, kama anakagua mshono.

"Chunusi tatu," akasema. "Na umekuwa mrembo, na hakuna mtu aliyeniambia."

Nje jua lilikuwa limetoka na barabara yote imejaa madimbwi. Jirani alifungua mlango wa pikapu, Bibi akamwambia asante bwana, leo natembea. Hakunishika mkono. Aliinua upindo wa nguo, akaruka dimbwi la kwanza, akaruka la pili, na nilipoanza kumfuata huku nikimkodolea macho yeye badala ya njia, akageuka akanipigia kelele barabara nzima ikasikia:

"Mke mwenzangu, angalia mbele! Utaanguka!"